Nyumba haisimami peke yake: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mji wa Pangani

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, na Idara ya Mambo ya Kale.

Waheshimiwa,

Salaam kwenu nyote, pamoja na heshima inayowastahili kwa nafasi mlizo nazo. Mimi ni mmoja wa warithi wa nyumba ya mawe iliyoko Pangani mjini, si mbali na mto. Ningeweza kuileta barua hii ofisini, ikapigwa muhuri wa kupokelewa na kuwekwa kwenye jalada. Nimeiandika hadharani kwa sababu ninayoyaomba hayaihusu nyumba yetu tu. Yanahusu nyumba zote za mawe zilizobaki mjini, vichochoro vilivyo kati yake, baraza, miti na ukingo wa mto, na yanataka uamuzi wa mapema, kabla daraja jipya la Mto Pangani halijaubadilisha mji.

Nianze na hilo daraja, nisije nikaeleweka vibaya. Nalitaka. Mama mjamzito wa Bweni au Mkwaja anayeshikwa na uchungu usiku hana sababu ya kusubiri kivuko. Wakulima wa nazi, wavuvi na wanafunzi wamevumilia pantoni miaka mingi, na barabara ya kilomita 256 kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga ni haki yao. Mita 525 za zege juu ya mto ule ni jambo la kushukuru.

Lakini tukumbuke nyumba hizi zimefikaje hapa. Karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu iliyopanda bonde la mto kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Kandokando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa. Ndipo wenye mali walipojenga kwa mawe. Halafu mwaka 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga, kwenye bandari yenye kina, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mzigo ukahamia huko. Pangani ikabaki na mdomo wa mto wenye mafungu ya mchanga na meli kubwa zisizoweza kuingia. Aliyekosa pesa za kujenga upya hakuwa na haja ya kubomoa, na hivyo mji ukatufikia ukiwa na umbo lake. Umaskini ndio uliotutunzia nyumba, na sasa, alhamdulillahi, umaskini huo unaanza kuondoka. Kitakachozilinda nyumba baada yake ni uamuzi wenu.

Madalali wameshaanza kupita. Hawaulizii nyumba. Wanauliza kiwanja kina upana gani, kinaitazama barabara au kichochoro, na kama warithi wana mgogoro. Wanayemtafutia anataka fremu za maduka chini na nyumba ya wageni juu. Simlaumu mtu kwa kutaka biashara. Ninachosema ni kwamba kila nyumba ikishughulikiwa kivyake, kibali kimoja baada ya kingine, hakuna siku hata moja ambayo mtu yeyote atakuwa ameamua kuuvunja mji mkongwe wa Pangani, na bado utakuwa umevunjika.

Naomba mnivumilie nieleze nyumba ya mawe inavyofanya kazi, kwa sababu vibali vingi hutolewa na watu waliosomea zege na nondo, na hilo si kosa lao. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa dirishani na miguu yake isitoke nje. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki vizuri zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo ni mti uliopima chumba. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha chokaa yenye kokoto, ikapondwapondwa siku nyingi mpaka ikaze na kuwa sakafu. Mabati yalikuja baadaye, juu ya yote hayo.

Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa. Mto wetu hupanda na kushuka na bahari, ardhi ya chini ina chumvi, na unyevu hupanda ndani ya mawe kila siku. Lipu ya chokaa huuachia utoke hewani, nayo huchakaa taratibu, na kila baada ya misimu kadhaa hupakwa upya. Ukiifunika kwa simenti, unyevu hukosa njia, hupanda juu zaidi mpaka kwenye vichwa vya boriti, na boriti huoza ndani ya ukuta pale macho yasipofika. Miaka michache baadaye lipu huanguka kwa mabamba makubwa, na kila bamba huondoka na mawe yake. Watu husema nyumba imezeeka. Ukichungulia ndani ya ukuta utakuta imeozeshwa na dawa iliyokusudiwa kuiponya. Nyumba nyingi za Pangani zinazoonekana mahututi leo zilipigwa simenti kwa nia njema, na mafundi wazuri, kwa sababu hakuna aliyewaambia vinginevyo na simenti ndiyo inayouzwa dukani.

Nimesema simenti kwanza kwa sababu inaonekana. Jambo la pili halionekani, nalo ndilo lililonifanya niandike kuhusu mazingira ya nyumba na si nyumba pekee. Mitaa ya zamani ilichimbwa na kupangwa ili mvua ishuke mtoni. Kizingiti kilikuwa juu ya barabara, baraza ikazuia maji yasiuguse ukuta, kichochoro kikawa mfereji wakati wa masika na njia ya upepo wakati wa kaskazi. Kila kifusi kinapomwagwa mtaani na kushindiliwa, barabara hupanda. Kila jirani anayejenga upya hupandisha msingi wake ili maji yasiingie kwake. Maji hayo lazima yaende mahali, na huenda kwa aliyebaki chini. Nyumba yetu ilikaa kavu katika masika zote ambazo wazee wetu waliweza kuzisimulia. Ilianza kuingiza maji pale mtaa ulipoinuliwa na kiwanja cha pembeni kikajengwa upya kwa tofali, na hakuna fundi anayeweza kulitibu hilo kutokea ndani ya kuta zetu. Chanzo chake kiko nje ya hati yetu.

Vivyo hivyo kwa upepo. Jengo la ghorofa nne likisimama kati ya mtaa wetu na mto, nyumba kumi za nyuma yake zitahitaji feni na kiyoyozi, na wazee wanaokaa barazani jioni watahamia ndani kutazama televisheni. Baraza ni nusu ya mwenye nyumba na nusu ya mtaa. Pale husuluhishwa ugomvi, huuzwa kahawa, hupokewa waliokuja kuhani msiba. Sijawahi kuiona baraza kwenye ramani ya kibali cha ujenzi. Huandikwa kama eneo la wazi, na eneo la wazi hujengwa.

Kuhusu sheria, Waheshimiwa, mnaijua kuliko mimi, ila wananchi wengi hawaijui na ningependa waisome hapa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda jengo lililojengwa kabla ya 1863. Sheria hiyohiyo inalinda mlango wa mbao au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940. Tazameni kinachotokea Pangani. Boma letu, jengo la zamani la utawala ambalo mapokeo ya mji yanalirudisha mwaka 1810, limo ndani ya ulinzi huo. Nyumba ya mfanyabiashara iliyojengwa miaka ya 1880 au 1900 haimo kwa umri wake, ingawa mlango wake umo. Kwa maneno mengine mtu anaweza kuivunja nyumba nzima, na kosa lake likawa mlango tu. Na nani kati yetu ana karatasi ya kuonyesha kwamba nyumba yake ilijengwa 1860 na si 1870?

Milango yenyewe inaondoka. Fremu inang'olewa usiku, miimo na mfaa vinafungwa kwenye turubai, na asubuhi kuna tundu lililozibwa kwa tofali. Haihitajiki sheria mpya hapa, maana kuuza au kusafirisha kitu kinacholindwa bila leseni tayari ni kosa. Kinachohitajika ni mtu mmoja mwenye kamera na daftari apite nyumba hadi nyumba, apige picha kila mlango, aandike upana, urefu, nakshi na misumari yake ya shaba, kisha nakala iwekwe polisi, kwenye kivuko na bandarini. Mlango ulioandikwa ni mgumu kuuzika. Kazi hii haigharimu hata bei ya kalvati moja.

Kwa nyumba zilizojengwa baada ya 1863, njia ipo. Waziri anaweza kuzitangaza kuwa zinalindwa, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaipa mamlaka ya upangaji nafasi ya kulinda majengo yenye thamani ya historia. Halmashauri nayo ina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982. Ombi langu kubwa ni hilo: sheria ndogo ya mji mkongwe wa Pangani, yenye ramani inayoonyesha mpaka wake kiwanja kwa kiwanja, ibandikwe kwa Kiswahili kwenye mbao za matangazo za kata na misikitini. Mji kutajwa kwenye waraka Dodoma hakumzuii fundi mwenye nyundo. Ramani anayoijua mtendaji wa kata itamzuia.

Ndani ya sheria hiyo ningependa yawepo mambo machache tu, maana sheria ndefu haisomwi. Kimo cha jengo jipya kisizidi majirani zake. Mstari wa mbele ufuate ule wa zamani na baraza ibaki. Kifusi kisimwagwe mtaani bila kupima kwanza vizingiti; pale barabara inapotengenezwa, ichongwe kushuka badala ya kujazwa. Nyumba ikianguka, mawe yake yasiuzwe kujazia msingi wa mtu mwingine, yawekwe kwa ajili ya kutengeneza nyingine, kwa kuwa hatuwezi tena kwenda kuvunja matumbawe baharini wala hatutakiwi. Na malori ya mizigo, ambayo daraja litayaleta, yasipitishwe kati ya kuta zisizo na msingi wa zege. Hilo la mwisho linahitaji mazungumzo na wenzetu wa TANROADS, wakala wa barabara, sasa, alama za barabarani zikiwa bado hazijasimikwa.

Najua mtaniuliza nani atalipia matengenezo. Kodi ya majengo siku hizi hukatwa kwenye LUKU, yaani malipo ya umeme, kwa hiyo sitaomba msamaha wa kodi. Ada ya kibali iko kwenu. Mwenye nyumba anayetengeneza kwa chokaa asamehewe ada hiyo na ajibiwe haraka, maana leo kupaka chokaa kunamsumbua mtu kuliko kubomoa. Chokaa ya mawe ipo Tanga, umbali wa saa moja na kidogo. Haihitaji tanuri la kuchomea matumbawe. Boriti za mikoko zinaweza kutoka kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwa idadi ndogo na kwa nyumba zilizoandikishwa. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inaweza kuanzisha kikundi cha mafundi chokaa hapahapa. Kuzimua chokaa, kuiacha ilowe wiki kadhaa, kujua uwiano wake na mchanga usio na chumvi, kubadilisha boriti moja bila kuangusha dari: haya ni maarifa ya watu wachache ambao ni wazee. Wakiondoka, hata mkipata mamilioni hamtapata wa kumpa.

Kikwazo kingine ni sisi wenyewe, warithi. Nyumba ya babu mmoja sasa ni ya wajukuu na vitukuu waliotawanyika Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Maskati. Kila mtu ana fungu, hakuna mwenye fungu la kutosha kuamua, na asiyekaa ndani haoni ukuta unavyofura. Mwisho wa siku kitu pekee ambacho wote wanaweza kukubaliana ni kuuza. Naomba ianzishwe huduma ndogo ya kuwasaidia warithi: afisa ardhi, msaada wa sheria, na mashehe wetu, wakae na familia, wasimamizi wa mirathi wateuliwe Mahakama ya Mwanzo, kisha uandikwe mkataba ambao mpangaji, shule, zahanati au hata Halmashauri hutumia nyumba kwa miaka kadhaa kwa sharti la kuitengeneza, na umiliki ukabaki kwa familia. Familia nyingi zitakubali. Yetu itakubali, nimeshaongea na wenye mafungu makubwa.

Wapo watakaosema, na wengine wameniambia usoni, kwamba nyumba hizi ni za Waarabu wenye watumwa, ziache zianguke. Sina haraka ya kulipita jambo hili. Ni kweli kwamba sukari na pembe zilizojenga Pangani zilibebwa na watu waliotekwa na kuuzwa. Mapokeo ya mji yanasema hata chini ya nguzo za Boma kuna watumwa waliozikwa hai. Mimi nasema hiyo ni sababu ya kuzishika kuta hizi kwa nguvu zaidi. Mawe hayo yalivunjwa, yakabebwa na kupangwa kwa mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote. Ukuta ndio maandishi yao. Ukianguka, aliyepotea ni yule mjenzi, kwa sababu mwenye nyumba ana nasaba yake na karatasi zake. Wajukuu wa wote wawili wanakaa Pangani, wanaswali safu moja, wameoana.

Na ni mji huuhuu ambao Agosti 1888 ulimkatalia Emil von Zelewski, wakala wa kampuni ya Kijerumani ambaye watu walimwita Nyundo, alipotaka kuutawala kwa bendera ya kampuni yake. Abushiri bin Salim alikuwa na shamba la miwa kwenye mto huu kabla ya kuwa kiongozi wa vita dhidi ya Wajerumani. Tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa hapahapa Pangani. Zelewski naye aliuawa Lugalo Agosti 1891 na jeshi la Mkwawa, habari ambayo kila mtoto wa Iringa anaijua. Kwa nini mtoto wa Pangani asijue kwamba ilianzia mtaani kwake? Mwalimu wa darasa la tano anaweza kuyafundisha yote haya kwa kutembea nusu saa, kama mitaa yenyewe itakuwepo.

Tunao wa kujifunza kwao. Zanzibar ina mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985, na mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la masultani, ilianguka na kuua watu wawili. Sheria bila fundi na bila ukaguzi wa kila mwaka haitoshi. Mikindani, Boma la 1895 lilikuwa gofu. Likatengenezwa, likawa hoteli, na vijana wa pale wakapata kazi. Ni mfano mzuri, ila nisingependa kila nyumba yetu iwe hoteli. Mji wa wageni watupu hauna mtu wa kukaa barazani. Kwa maoni yangu nyumba mbili au tatu za mtoni zinatosha kwa wageni, nyingine zibaki na wenyeji wake, na Boma liwe mahali pa kusimulia historia ya mji, ikiwemo ile ya utumwa, bila kuificha wala kuipamba.

Ninaloliomba kwanza, kabla ya sheria ndogo ambayo najua itachukua vikao, ni dogo. Simamisheni kwa muda vibali vya kubomoa nyumba za mawe mjini mpaka milango na nyumba ziwe zimeandikishwa. Walimu na vijana wa hapa wako tayari kushiriki kuandikisha, wakipewa barua ya utambulisho ili wasifukuzwe milangoni. Nasi, familia yetu, tunaitoa nyumba yetu iwe ya kwanza kukaguliwa na ya kujifunzia. Injinia wa Halmashauri aje na mafundi wazee, tubandue simenti ukuta wa upande wa kichochoro, tuone boriti zikoje, na vijana watazame kila hatua.

Masika huanza Machi. Kazi ya kubandua inataka miezi mikavu, na chokaa lazima iwe imelowekwa kabla yake. Naomba majibu yenu yatufikie mapema, yawe ya kukubali au ya kukataa, ili tujue kama tuiagize chokaa Tanga.

Wenu kwa heshima,
Mmoja wa warithi wa nyumba ya mawe,
Pangani